Jina Lililobaki Kazini

Neelavva alikuwa anapiga mikate ya mtama viganjani simu ya Bengaluru ilipoingia. Ilikuwa asubuhi, mkate mmoja uko juu ya chuma, mwingine mkononi, na mumewe Virupakshi ameketi kizingitini akilalamika kwamba chai ya leo imechujwa na mtu mwenye haraka. Sauti ilikuwa ya msichana. Alisema anaitwa Tejasvini, anafanya kazi chini ya Mahantesh, kisha akaanza kulia, na katika kile kilio Neelavva akajua. Mdogo wake amekutwa amekufa kitandani. Mwenye nyumba alibisha mlango kwa habari ya tangi la maji, hakuitikiwa, akafungua kwa ufunguo wake. Daktari amesema ni moyo, na kwamba ulisimama kabla ya alfajiri.

Mkate uliokuwa kwenye chuma ukaungua. Hakuna aliyeugeuza.

Neelavva aliketi sakafuni, unga ungali mikononi. Machozi yalikuwa hayajafika. Ndipo simu nyingine ikalia, ile kuukuu iliyokaa rafuni karibu na taa ya ibada. Ilikuwa simu ya zamani ya Mahantesh. Alimwachia dada yake ili asikilizie nyimbo za dini, na kwa haraka zake hakuondoa ndani yake taarifa za kazini. Kila alipoikubali kazi ya mmoja wa vijana wake, simu ile ilitoa mlio mfupi na kuandika: Mahantesh ameidhinisha. Virupakshi alitaka kuinyamazisha tangu siku ya kwanza. Neelavva alikataa. Kwake mlio ule ulikuwa kama kitanda cha baba yao cha kufumia kikigonga chumba cha pili. Maadamu kinagonga, mwenyewe yupo.

Akanyoosha mkono, akasoma. Mahantesh ameidhinisha. Kabla hajaiweka chini ikalia tena. Mahantesh ameidhinisha.

“Yule msichana anatudanganya,” alisema. “Mdogo wangu yuko kazini.”

Virupakshi aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliokataa kununua miwani. “Labda saa ya huko iko nyuma,” alisema.

“Bengaluru ni nchi gani hata iwe na saa yake?”

Kwa muda usio mrefu nyumba ile ilikuwa na matumaini. Kisha mwenye nyumba mwenyewe akapiga, mzee wa watu, analia, anasema amemfunga Mahantesh kidevu kwa mikono yake. Matumaini yakafa, lakini hayakuondoka bure, yaliacha kitu mahali pake. Kama mtu amekufa kabla ya alfajiri, ni nani anayeidhinisha kwa jina lake jua likiwa limeshapanda? Ama amefia ofisini wakamrudisha kitandani ili wasiulizwe, ama kuna mtu ameketi kwenye kiti chake na joto lake halijatoka. Neelavva aliyapima yote mawili, akaona yote yanawezekana. Alifuta unga, akawasha taa ya ibada, akamwomba Mungu amwoneshe lililofichwa. Alilia baadaye, akiwa anaomba.

Walizaliwa wawili tu, hapa Betageri, katika mtaa wa wafumi, nyumba ambayo nusu yake ilikuwa ya watu na nusu ya kitanda cha kufumia. Baba yao alifuma sari zenye pindo nyekundu. Kila jioni alifumba macho na kupitisha kidole cha shahada juu ya kazi ya siku nzima, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, na kidole kilipokwama alifumua. Watoto waliokaa chini wakisokota nyuzi aliwaambia neno moja kwa kila jambo, iwe hesabu za shule, iwe kufagia ua: “Pitisha kidole tena.”

Mahantesh hakuwa na akili za ajabu. Hesabu zilimwangusha mara moja, na Virupakshi, ambaye wakati huo alikuwa bwana arusi mpya, alimwita Profesa mpaka alipokua. Alichokuwa nacho ni subira. Alisoma uhandisi Hubballi, akapata kazi Bengaluru ya kuandika programu za kompyuta, akakaa katika kampuni hiyo hiyo wakati wenzake wanahama kama panzi. Mkewe alimtangulia mapema, hawakuwa na mtoto, naye hakuoa tena. Alipofanywa kiongozi wa kikundi kilichotengeneza programu za vipimo vya dawa kwa hospitali za Ulaya, alikataa chumba cha peke yake. Alikula wali wa mtindi na vijana wake mezani, na kosa lilipofika kwa mteja alisema, “Mimi ndiye niliyeipitisha,” hata kama aliyekosea alikuwa amejificha chooni. Sifa zilipokuja alimsukuma mbele yule aliyefanya kazi. Hayo Neelavva hakuyasikia kwake. Aliyasikia kwa vijana waliokuja naye kijijini wakati wa sikukuu, wakala hadi wakashindwa kuinuka.

Yeye mwenyewe alimsimulia dada yake mambo mengine. Kila Jumapili alipiga simu, na katika miaka ya karibuni habari ilikuwa moja, akili mnemba. Zamani, alisema, vijana waliandika naye akasoma. Sasa mashine inaandika, na inaandika kama mvua ya masika, naye anasoma kwa macho yale yale mawili. Hakuichukia. Alikiri kwamba kazi ya wiki inaisha kabla chai haijapoa.

“Ni mfumi asiyechoka, dada,” alimwambia siku moja. “Lakini hana kidole.”

Kilichomkera ni watoto wapya wa kazi. Wanajua kuomba, hawajui kusoma. Wakubwa waliona hakuna haja ya kuajiri wengi, na wale wachache waliobaki hawakuachiwa tena kazi ndogo za kukosea na kujifunza. “Nisipomwachia akosee kidogo leo, kesho nitamkabidhije kubwa?” aliuliza, na Neelavva, ambaye alikuwa anachambua dengu, alimjibu kwamba hata mkaza mwana hufundishwa kwa kuunguza.

Tangu sikukuu ya vyombo vya kazi ya mwaka uliopita alibadilika. Hakuja tena nyumbani. Alikonda, picha zilionesha. Na jambo moja lilimkaa Neelavva rohoni bila kulisema: hata walipokuwa wanaongea, Jumapili yao hiyo hiyo, ile simu kuukuu ililia rafuni. Mahantesh ameidhinisha. Alimuuliza, “Uko nami au uko kazini?” Akacheka kidogo, akasema, “Niko nawe, dada.” Neelavva hakumwamini. Alidhani mdogo wake amejifunza uongo wa mjini.

Mwili ulifika jioni kwa gari la wagonjwa. Wanaume waliuosha, wakaupaka majivu matakatifu, wakamketisha Mahantesh ukutani amekunja miguu kama aketivyo mtu kwenye sala, maana sisi hatuchomi wafu wetu wala hatuwalazi, huenda kaburini wameketi. Linga lake, kijiwe cheusi cha ibada alichofungwa shingoni tangu utotoni na ambacho hakikumtoka hata siku moja, lilining'inia kifuani. Watu waliimba hadi kulipokucha. Neelavva alimtazama vidole, kucha, nyayo, akitafuta alama ya kuburutwa. Hakuiona, wala hakuridhika.

Asubuhi gari la ofisi likaingia uani. Alishuka Tejasvini, macho yamevimba, na nyuma yake Bwana Kamath, mkubwa wa Mahantesh, amevaa shati jeupe, na shada la maua mikononi. Aliinama vizuri, akawagusa wazee miguu, akamvisha marehemu shada. Bado hajanyooka, simu kuukuu ikalia rafuni. Mahantesh ameidhinisha.

Nyumba nzima ilisikia. Neelavva aliichukua simu, akamwonesha.

“Huyu hapa ameketi mbele yako,” alisema. “Sasa niambie, huyu anayeidhinisha ni nani?”

Kamath aliisoma, akamtazama Tejasvini kwa jicho la kumkanya. Alisema ni taarifa za kawaida za mitambo, mama asijisumbue, wakati wa msiba moyo huona mengi. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaomba ruhusa ya kusoma neno la kampuni. Lilikuwa neno zuri mno. Lilimwita Mahantesh mwanga, nguzo, daraja na mti wenye kivuli, yote katika pumzi moja.

“Hii ameandika nani?” Virupakshi aliuliza.

“Ni neno la kampuni.”

“Kampuni haina mkono. Au hata kulia mmeiachia mashine?”

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Kamath alikunja karatasi. Na hapo ndipo Tejasvini alipomsogelea Neelavva, akaketi chini miguuni pake, akasema atasema yeye, hata kama kesho hana kazi.

Alisimulia kwa sauti ya chini. Mwaka uliopita, siku ya sikukuu ya vyombo, kompyuta zote ofisini zilifutwa vumbi, zikapakwa nukta nyekundu na kuvishwa maua ya manjano, kama inavyofanywa kwa majembe, mizani na magari. Siku hiyo chombo hakiguswi, kinapumzika na kushukuriwa. Lakini wateja wa Ulaya hawana sikukuu hiyo, na kwao kazi ilikuwa haiwezi kusimama. Wakubwa wakataka vijana waje. Mahantesh akakataa, alisema hawezi kumwomba mtoto wa fundi ashike patasi siku patasi imelala. Mashine ya akili mnemba ilikuwa imeshasoma masahihisho yake yote ya miaka mingi, na ilijua kusema kama asemavyo. Basi akairuhusu ikague na kupitisha kazi kwa jina lake, siku moja tu, ili watu wake waende makwao.

“Ilipitisha kwa siku moja kazi ambayo yeye angeipitisha kwa mwezi,” Tejasvini alisema. “Mteja alifurahi sana. Aliporudi kudai jina lake, wakamwambia asubiri.”

“Na akasubiri?”

“Alidai kila wiki. Na huku akidai, kila ilichokipitisha kwa jina lake alikisoma mwenyewe kwa nyuma, chote, akikuta kosa anakirudisha. Alisema ni dawa za watu zile. Alisema anayeidhinisha lazima awe amesoma, na jina ni la kwake.”

Neelavva aliitazama simu kuukuu. Zile Jumapili zote zilipita mbele yake, mlio rafuni, kicheko kidogo cha mdogo wake. Kumbe alikuwa naye kweli.

“Kwa hiyo alikuwa anafukuzana na jina lake mwenyewe,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

Hakuna daktari atakayeandika maneno hayo, wala Neelavva hakuwaambia watu kwamba mashine imemuua mdogo wake. Aliambiwa moyo, akakubali moyo. Lakini alimgeukia Kamath akamwomba jambo moja: jina la Mahantesh liondolewe kazini kabla hajainuliwa kwenda kaburini.

Kamath alikubali kwa kichwa, haraka kupita kiasi. Alisema litashughulikiwa, ila kuna mkataba, kila kinachotoka lazima kiwe na jina la mkubwa aliyekikagua, jina lile likitoka kazi itasimama na hospitali zinangoja. Wamalize maziko kwa amani, na baada ya siku za matanga yeye mwenyewe atalifuatilia.

“Ni jina tu, mama,” alisema.

“Kama ni jina tu, nirudishie.”

Ndipo Neelavva akamsimulia kifo cha baba yao. Mzee alikufa sari iko nusu kitandani. Mfanyabiashara alikuja na haraka zake, arusi iko karibu, akataka mfumi mwingine aimalizie, itauzwa kwa jina la mzee maana jina lake lilikuwa na soko. Mtaani kwetu haifanywi hivyo. Mfumi akifa, mtande wake, zile nyuzi zilizotandazwa kitandani, hukatwa kabla hajainuliwa. Nguo iliyoanzwa na maiti haimaliziwi na mkono mwingine ikaitwa yake, kwa sababu ikichanika atalaumiwa aliye kaburini, na hawezi kujibu. Mahantesh alikuwa kijana wa chuo. Ndiye aliyeshika mkasi. Alilia na kukata, uzi kwa uzi, na mfanyabiashara akaondoka amenuna.

“Alimkatia baba,” Neelavva alisema. “Yeye hana mtoto. Nitamkatia mimi. Hainuki hapa mpaka uzi ukatwe.”

Virupakshi alimshika mkewe bega, akamnong'oneza kwamba kaburi limeshachimbwa na joto linapanda. Neelavva akamwondoa mkono. Kuhani wetu, Ayya, aliyekuwa ameketi kando ya marehemu na majivu yake, aliulizwa na Kamath kama dini inaruhusu kumchelewesha maiti. Ayya alifikiri, kisha akasema kwamba kwa watu wetu kazi ya mikono ni ibada, na mtu hawezi kwenda kwa Mungu huku ibada yake inaendeshwa na mwingine kwa jina lake. “Lakini fanyeni haraka,” aliongeza. “Mungu hana haraka, jua linayo.”

Kamath alitoka uani na simu yake. Walimwona kupitia dirishani akitembea baina ya ndoo na baiskeli, akibembeleza, akinyamaza, akibembeleza tena kwa Kiingereza. Neelavva hakuondoa macho kwake. Alijifunza zamani, kwa wanunuzi wa sari, kwamba mtu anayekusudia kukudanganya hutembea hivyo hivyo na mtu anayekutetea. Aliporudi shati lilikuwa limelowa.

“Limeondolewa,” alisema.

“Nitajuaje?”

Kamath aliumia usoni, na huenda aliumia kweli. Tejasvini akasema yeye anaweza kuonesha. Alifungua kompyuta yake magotini, pale pale kwenye jamvi, akaandika kipande kidogo cha kazi kisicho na madhara, akakituma kikaguliwe kama wanavyotuma kila siku. Waimbaji walinyamaza. Watu wote waliitazama simu kuukuu mkononi mwa Neelavva, kama watazamavyo chungu kinachokaribia kuchemka.

Haikulia.

Walingoja. Haikulia. Virupakshi alishusha pumzi, akasema basi, mtu wa watu yuko huru. Neelavva alikuwa anaanza kuinuka alipoona uso wa Tejasvini umebadilika mbele ya kioo cha kompyuta.

“Imejibu?” aliuliza.

“Imejibu. Jina lake halipo. Imeandikwa Mkaguzi.”

“Inasema nini? Nisomee kama ilivyo.”

Msichana akasoma. “Inasema: kazi nzuri, rafiki. Pitisha kidole tena hapo mwishoni.”

Neelavva aliketi tena. Kwa Tejasvini yalikuwa maneno ya kiongozi wake, aliyoyasoma chini ya kila kazi yake tangu alipoajiriwa. Kwa Neelavva yalikuwa ya nyuma zaidi ya hapo, ya mtu mwenye nyuzi kwenye ndevu na macho yaliyofumbwa, katika chumba hiki hiki. Mashine isiyo na kidole ilikuwa inawaambia watoto wa watu wapitishe kidole.

“Hayo ni maneno ya baba yangu,” alisema.

Kamath alisema kwa upole kwamba mfumo ulijifunza kwake, hakuna njia ya kumtoa mtu mzima mzima, ni kama sukari iliyokwisha kukorogwa. Aliongeza kwamba Mahantesh mwenyewe angefurahi kujua hekima yake inaendelea kuwalea vijana. Hapo Neelavva alimtazama sana, akajaribu kuona kama anaamini anayoyasema. Hakuweza kujua. Alichoona ni kwamba mtu huyu kwanza alisema ni taarifa za kawaida za mitambo, kisha akasema ni jina tu, na sasa anasema ni sukari.

Ayya alimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba jua limefika juu.

“Niliomba jina,” Neelavva alisema mwishowe. “Jina limerudi. Siwezi kuomba jambo moja nikapewa, kisha nikamkalisha maiti kwa ajili ya la pili. Hilo la pili nitamwachia Mungu, na wewe Bwana Kamath utakutana nalo huko.” Kisha akamwambia Tejasvini, “Wewe mwanangu, ikikwambia pitisha kidole, pitisha cha kwako. Usiiulize yenyewe kama imepitisha.”

Tejasvini aliahidi. Neelavva aliizima simu kuukuu, akairudisha rafuni, karibu na taa.

Walimwinua Mahantesh akiwa ameketi katika kiti kilichopambwa kwa migomba na maua, ngoma zikatangulia. Virupakshi alibeba upande wa mbele kulia na hakukubali kupokewa njia nzima. Kamath aliomba kubeba, akapewa upande wa nyuma. Kaburi lilikuwa kwenye kipande cha ardhi cha ukoo, kando ya baba na mama, na ndani yake upande mmoja palichimbwa chumba kidogo cha kumtosha mtu aliyekunja miguu. Wanaume wawili waliingia wakampokea. Ayya alilifungua linga shingoni, akaliweka katika kiganja cha kushoto cha Mahantesh, akamfunga vidole juu yake. Aliyasoma maneno yanayosomwa. Wakampangia majani matakatifu ya mti wa mbilva kifuani, wakamzungushia vipande vya majivu na chumvi mpaka kwenye mabega. Neelavva aliinama ukingoni akamtazama usoni mara ya mwisho, akatupa udongo kwa mkono wa kulia. Baada yake alitupa Virupakshi, kisha Tejasvini, kisha wengine. Udongo ulijazwa, ukashindiliwa kwa miguu, maji yakanyunyizwa juu. Watu walinawa kisimani, wakarudi nyumbani.